Mrija wa Wazee: Habari za Pombe katika Nchi ya Migori na Homa Bay

Katika maboma ya kale ya Wajaluo waliokaa kusini mwa Ghuba ya Winam, tangu Kendu na Homa mpaka kwenye mpaka wa Wakuria, kulikuwa na chombo kimoja ambacho mtoto alikiona kila uchao na asithubutu kukitia mdomoni. Kilikuwa ni mrija mrefu, aghalabu ukizidi kimo cha mtu mzima, uliofanywa kwa shina la mmea lenye uwazi ndani, na nchani mwake kimefungwa kichujio kidogo cha kusukwa ili machicha yasipande pamoja na kinywaji. Wenyewe waliuita oseke. Ulipokuwa hautumiki ulihifadhiwa juu, katika paa la nyasi, na mzee aliujua mrija wake kama alivyoijua fimbo yake. Mvulana aliyetumwa kuuleta aliubeba kwa mikono miwili, akaukabidhi kwa adabu, kisha akatoka nje.

Naanza habari yangu kwa mvulana huyo anayetoka nje, kwa sababu katika mazungumzo ya zama zetu juu ya watoto wanaolewa kabla hawajaota ndevu, na juu ya madereva wanaoshika usukani hali macho yao hayapambanui njia na mtaro, watu husema kana kwamba nchi hii haikuwa na kanuni yoyote ya kinywaji mpaka Serikali ilipoandika sheria. Kanuni ilikuwako. Haikuandikwa katika waraka, wala haikuwa na askari wa kuisimamia, lakini iliketi katika umbo la chungu chenyewe, katika urefu wa mrija, na katika mahali pa kila mtu penye duara. Ilivunjika kidogo kidogo katika muda wa miaka mia moja na ushei, na waliokuwa na mkono katika kuivunja hawakuwa wote na nia mbaya; baadhi yao walikuwa watu wema kabisa.

Pombe ya kale, kong'o kwa lugha ya wenyeji, ilikuwa kazi ya wanawake na ilikuwa kazi ya siku nyingi. Wimbi liliroweshwa likaota kimea, kimea kikaanikwa juani kikasagwa. Unga wa mtama, na baadaye wa mahindi, ulikandwa ukaachwa uchachuke, ukakaangwa juu ya moto mpaka ukawa chenga za rangi ya udongo, ndipo vyote vikachanganywa na maji na kuachwa katika vyungu mpaka vikaanza kutoa povu na sauti. Kinywaji kilichopatikana kilikuwa kizito kama uji, chenye uchachu, na ukali wake si mkubwa. Hakikuweza kukaa muda mrefu, maana baada ya siku chache kiliharibika. Wala hakikuweza kusafiri mbali, kwa kuwa chungu kilichojaa hakichukuliki kwa urahisi. Basi watu ndio walioifuata pombe, na pombe haikuwafuata watu.

Chungu kiliwekwa katika duol, nyumba ndogo ya mwenye boma karibu na zizi la ng'ombe, ambamo wanaume walikula, walihukumu mashauri na kuota moto. Wazee waliketi kwa duara, kila mmoja kwa daraja ya umri wake na ukaribu wake wa nasaba, mirija yote ikiingia katika mdomo mmoja wa chungu, na mwenye nyumba akatangulia kunywa mbele ya macho ya wageni wake ili ijulikane kwamba kinywaji ni salama. Maji ya moto yaliongezwa kila kilipopungua. Mtu aliyekunywa kwa mrija mrefu hakuweza kusimama na kuzurura na kinywaji chake. Aliutoa mdomo, akazungumza, akasikiliza, akaurudisha tena. Akizidi kipimo, wenzake walimwona. Na wakati wenyewe ulikuwa na mpaka: baada ya mavuno, katika harusi, katika maziko ya mtu mzima, au katika saga, yaani ile kazi ya ujirani ambayo mwenye shamba aliwalipa majirani waliomlimia kwa chakula na chungu.

Nisidhaniwe kwamba nawapamba wazee kwa sifa wasizokuwa nazo. Walikuwako walevi katika siku hizo pia, wake waliopigwa, na nafaka iliyotiwa chunguni wakati watoto walipohitaji uji. Kijana naye alipata kuonja hapa na pale, kwa huruma ya babu au kwa wizi wa machicha yaliyobaki. Lakini kuonja si kuketi. Kijana asiyeoa alikuwa na simba yake, nyumba ya vijana karibu na lango la boma. Alikuwa na ng'ombe za kuchunga, vita vya kupigana, ngoma za kucheza, na dhana ya kwamba angeweza kuudai mrija kama haki yake haikumjia, kama isivyomjia mtu leo dhana ya kukalia kiti cha kadhi kwa kuwa amekikuta kitupu. Umri ndio uliokuwa ruhusa, na ruhusa hiyo haikununuliwa.

Mwezi wa Novemba 1906 walifika Gendia, kilima kilicho juu ya Kendu, wamisionari wa Kanisa la Waadventista Wasabato: Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, pamoja na Abraham Enns na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland. Kutoka Gendia kazi yao ilienea upande wa kusini, na mwaka 1913 ikafika Kamagambo, katika nchi ambayo leo ni ya kaunti ya Migori. Walileta shule, dawa na mtambo wa kupiga chapa, na pamoja na hayo katazo lisilo na mwanya: muumini hanywi pombe wala havuti tumbaku. Katika mji huo huo wa Kendu walikaa Waislamu, wafanyabiashara na wenyeji waliosilimu, ambao kwao ulevi ni haramu tangu asili. Hivyo katika pwani ile ndogo ya ziwa, chungu kilijikuta kimezungukwa na imani mbili zisizokitaka.

Neema iliyotoka katika katazo hilo ni kubwa, na mimi siitilii shaka. Familia nyingi za Karachuonyo, nchi inayoizunguka Kendu, zilisoma na kujenga kwa mali ambayo ingekwisha chunguni. Hata hivyo kuna jambo ambalo halitajwi sana. Mwongofu alipoondoka penye duara, hakuondoka penye pombe peke yake. Aliondoka pia katika baraza ambamo mzee alikuwa na sauti juu ya nani anywe na nani asinywe. Mwanawe alikua akijua kwamba pombe ni dhambi, basi. Hakujua utaratibu wake. Kwa aliyedumu katika imani hilo lilitosha. Kwa aliyeteleza, na kuteleza ni hali ya wanadamu, hapakuwa na daraja la chini la kushikia: alitoka katika kutokunywa kabisa akaangukia katika kunywa kusiko na mwenyeji wala duara. Paul Mboya, mchungaji wa kanisa hilo ambaye baadaye alikuwa chifu wa Karachuonyo, alitoa mwaka 1938 kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi juu ya desturi na matendo ya Wajaluo. Na lapendeza kuona kwamba mtu wa madhehebu yasiyoonja tone ndiye aliyefanya bidii kuziandika desturi za kale zisipotee, kana kwamba aliona kuwa kinachoachwa hakina budi kwanza kijulikane.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa kigeni kabisa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ilizuia pombe kali ya kizungu isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Sheria ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji iliwapa machifu uwezo wa kuzuia au kupunguza upikaji wa pombe za kienyeji na mikutano ya kunywa. Kiwanda cha bia kilianzishwa Nairobi mwaka 1922, lakini bia yake ya chupa haikuwa halali kwa Mwafrika mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Tazama maana ya mambo hayo kwa mzee wa Kanyamkago au wa Gwassi: yeye, ambaye umri wake ulimpa ruhusa kamili mbele ya watu wake, aliambiwa kuwa mbele ya chupa yeye ni sawa na mtoto, na Mzungu wa miaka ishirini ni mtu mzima. Rangi ilitwaa mahali pa umri. Na kipimo kisicho cha haki kikiisha kuondolewa, si rahisi watu kukubali kipimo kingine badala yake. Chupa ilipofunguliwa kwa wote, ilikuja na fahari ya kitu kilichokuwa marufuku. Kuinywa kulikuwa ni kujionyesha kwamba mtu amekuwa huru, na nani angemwuliza mtu huru umri wake?

Chupa ilikuwa na tabia ya pili, iliyo nzito kuliko fahari yake. Ni chombo cha mtu mmoja. Haina haja ya duara, haina haja ya mwenyeji wa kuionja kwanza, na huingia mfukoni. Inakwenda popote aendapo mwenyewe.

Fedha nazo zilikuwa zimekwisha kutafuta njia. Kodi ya nyumba iliwatoa vijana wa nchi hii, iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kusini na kutawaliwa kutoka Kisii, wakaenda katika reli, katika mashamba ya chai ya Kericho, katika bandari ya Mombasa. Wengine walichimba dhahabu na shaba Macalder, mgodi wa nchi ya Migori uliofungwa mwaka 1966. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyerudi na mshahara aliweza kununua kile ambacho babu yake alikingoja miaka arobaini. Huko mijini alijifunza pia kinywaji kipya. Wanubi waliokaa Kibera na Kibos, wazao wa askari waliotoka Sudani, walijua ufundi wa kukeneka pombe kali, na ufundi huo ulienea mpaka ukapata jina ambalo kila mtu wa Kenya analijua: chang'aa.

Ufundi wenyewe si mgumu, na ugumu wa kuuzuia umo katika wepesi wake. Sukari guru au molasi huchanganywa na maji na kimea, ikafunikwa ndani ya pipa mpaka ichachuke. Pipa likapashwa moto kando ya mto, mvuke ukapita katika bomba lililolazwa kwenye maji baridi, na tone kwa tone likaanguka chini kinywaji cheupe kama maji, kinachowaka kikiguswa na kiberiti. Nchi ya Migori na Ndhiwa ni nchi ya miwa; kiwanda cha sukari cha Awendo kilipoanza kazi miaka ya 1970 ilipokwisha, na vinu vidogo vya sukari guru vikafuata miwa kokote ilikopandwa, malighafi haikukosekana. Kinyume cha kong'o, chang'aa haiharibiki, haina uzito, na kikombe kimoja chake kina nguvu ya vibuyu kadhaa vya pombe ya kale.

Serikali huru iliikataza. Baa na vilabu vya pombe za kienyeji vilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria maalumu ya kuharamisha chang'aa. Katazo lilidumu miaka thelathini, na chang'aa ikadumu miaka thelathini nalo. Wapikaji wengi walikuwa wanawake, wajane miongoni mwao, waliolipa karo za shule kwa fedha ya pipa. Na hilo ni lazima lisemwe bila kuwatukana, kwa kuwa hawakuwa na shamba la miwa wala chombo cha kuvulia samaki. Hata hivyo hapa ndipo mtoto alipoingizwa ndani. Katika duol ya kale mtoto alitoka nje pombe ilipoingia. Katika nyumba ya chang'aa hana pa kutoka: chumba ni kimoja, wateja wamekaa juu ya kitanda anacholalia, yeye ndiye anayetumwa kuchota maji ya kupoza bomba, ndiye anayechungulia njiani kama askari wanakuja, ndiye anayepokea sarafu na kupima kikombe. Mkono wa miaka kumi umekwisha kuzoea harufu ile kabla akili haijaulizwa. Akifikisha miaka kumi na minne akinywa, wazazi hushangaa amejifunzia wapi.

Wakati huo huo barabara zilikuwa zikifunguka. Njia kuu itokayo Kisii, ikapita Rongo, Awendo na Migori mpaka Isebania penye mpaka wa Tanzania, iliwekwa lami na kujaa malori na matatu, na zile za kwenda Homa Bay na Mbita zikafuata. Kong'o haikuwa na mashindano na mwendo, kwa sababu aliyelewa kwa mrija alikwenda nyumbani kwa miguu, au, kama kwao ni mbali, alilazwa palepale bomani mpaka kuche. Lakini chupa na usukani vilikutana katika mkono mmoja bila mzee yeyote kuwa kati yao.

Katika kijiji cha Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, alizaliwa Barack Obama, yule mchumi aliyesoma Hawaii na Harvard, ambaye mwanawe mwenye jina lake alikuja kuwa Rais wa 44 wa Marekani. Alikuwa mtu wa akili nyingi na sauti ya kutetemesha chumba. Waandishi wa maisha yake, na mwanawe mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, hawakuficha kwamba miaka yake ya baadaye ilitiwa giza na pombe, kwamba alipata ajali za gari zaidi ya moja, na kwamba ajali ya mwisho, Nairobi mwezi wa Novemba 1982, ndiyo iliyomtoa duniani. Namtaja kwa staha, wala si kwa kumhukumu maiti. Namtaja kwa kuwa katika maisha ya huyu mmoja mtu aweza kuiona safari yote ninayoieleza: ameanzia nchi ya mrija, akapitia shule, mji na chupa, akaishia barabarani usiku.

Sheria za kisasa, mtu akizisoma kwa utulivu, zinafanana ajabu na ile kanuni isiyoandikwa. Mwaka 2010, baada ya taifa kuona misiba kama ule wa Mukuru kwa Njenga mwaka 2000, ambapo watu zaidi ya mia walikufa kwa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli, Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo ambayo watu huiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeileta. Iliondoa katazo la chang'aa kwa sharti kwamba itengenezwe kwa kipimo cha afya na itiwe katika chupa yenye lebo. Ikakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18: huo ni umri. Ikaamuru baa iwe mbali na shule kwa mita 300: hapo ni mahali. Ikafungua milango ya baa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kuifunga saa tano usiku: huo ni wakati. Kila nguzo iliyokuwa katika duara la wazee imerudi, imeandikwa kwa tarakimu. Katiba ya mwaka huo huo iliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo tangu 2013 Homa Bay na Migori zenyewe ndizo zinazoamua ni mlango upi ufunguliwe na upi ubaki umefungwa. Na mwaka 2025 Serikali ilitoa sera inayopendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21. Wazee wa oseke wangeuona bado ni mdogo.

Barabarani, kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004 zilitia adabu katika matatu kwa mikanda na vidhibiti mwendo. Desemba 2013 kikaja kifaa cha kupima pumzi, ambacho madereva walikiita alkoblo, na kwa miaka michache mtu aliyetoka baa alijiuliza mara mbili kabla ya kuwasha gari. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kanuni zilizokiruhusu hazikuwa na msingi sahihi katika sheria mama. Kuendesha hali umelewa kulibaki kuwa kosa kama lilivyokuwa tangu zamani. Kilichoondoka ni ule uoga mwepesi wa kukutana na kifaa penye kona. Nami naona hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyotangazwa, kwa sababu hofu ya kuonekana na wenzako ndiyo iliyofanya kazi kubwa penye chungu, na alkoblo ilikuwa imeanza kuirudisha.

Isitoshe, chombo cha usafiri cha nchi hii sasa si gari bali pikipiki. Baada ya Serikali kupunguza ushuru wa pikipiki ndogo, karibu na mwaka 2008, bodaboda, ambayo ilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, iligeuka kuwa kazi ya kijana wa kila kijiji. Kijana wa miaka kumi na saba asiye na leseni huazima pikipiki ya kakake akalipwa papo hapo, asubuhi na jioni, kama wavuvi wa Mbita wanavyolipwa samaki wakishuka. Na fedha inayolipwa kila siku hupata kila siku mahali pa kutumika.

Mahali penyewe, aghalabu, ni matangani. Maziko katika nchi hii ni jambo la heshima kubwa, na tangu kale yalikuwa na kesha, ngoma na chungu. Tofauti ni kwamba mzee wa boma ndiye aliyeamua chungu kimwendee nani. Siku hizi usiku wa kuamkia maziko huletwa spika kubwa na jenereta, ikaitwa disko matanga, vijana wakatoka vijiji vya mbali, na pombe ikauzwa gizani nyuma ya hema bila muuzaji kujua hata sura ya anayenunua. Machifu wameipiga marufuku mara nyingi. Huhamia boma la pili. Wafiwa wenyewe wamo ndani ya nyumba pamoja na maiti wao, na wazee wamepewa viti vya plastiki mbele, mahali pa heshima, migongo yao ikielekea ngoma.

Kwenye saa kumi za usiku muziki hukoma. Pikipiki huwashwa moja baada ya moja, tatu zikipakia mtu mmoja na nyingine zikipakia wanne, zikateremka kuelekea Rodi Kopany na barabara ya lami. Ndiyo saa ile ile ambayo wanawake wanaokwenda ziwani kununua omena wamekwisha kutoka majumbani mwao, mabeseni kichwani, wakitembea kwa msururu ukingoni mwa barabara kwa kuwa njia ya miguu haikuwekwa. Wakisikia injini inakuja nyuma yao kwa sauti isiyo na mpangilio hawageuki kutazama. Huyashika mabeseni kwa mikono miwili, wakashuka wote pamoja majanini, wakangoja ipite.